Karakana Isiyo na Dirisha

Bethwel Kosgei hakuwa na gari, kwa hiyo aliposema anajenga gereji nyuma ya nyumba, mtaa mzima ulicheka kwanza. Hofu ilikuja baadaye, nayo ilianzia kwa mkewe.

Upande ule wa Gilgil, mtu akibakiwa na kipande cha ardhi uani anajua la kufanya nacho. Anajenga vyumba vya kupangisha, au anafuga kuku, au anaziacha mboga za sukuma ziendelee kumea. Bethwel alitaka karakana ya kuchongea malori ya mbao. Hakukusudia kuyauza. Tangu utotoni kwao Keringet alikuwa akichonga malori ya viazi yenye milango inayofunguka na magurudumu yanayozunguka, na moja lilikuwa limekaa juu ya kabati ya televisheni miaka nenda miaka rudi, likipanguswa vumbi kwa heshima kuliko picha ya harusi. Hiyo ilikuwa burudani yake baada ya kazi, na kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule. Lakini mwanamume mwenye mvi akisema anataka nyumba nzima ya kuchezea, watu wetu hawamwulizi maswali. Wanamwombea.

Jirani yake Jamleck, ambaye riziki yake ilikuwa kodi ya vyumba, hakuomba. Aliegemea ua akatazama vigingi ambavyo Bethwel alikuwa ameanza kuvichomeka katikati ya sukuma.

"Kosgei, sasa hii ni garage na hauna gari?"

"Ni workshop."

"Ya biashara?"

"Ya hobi."

Jamleck alilitafuna neno hilo kama mtu aliyeuma jiwe kwenye githeri. "Hobi," alisema. "Mimi hobi yangu ni rent. Weka single rooms hapo, hawa vijana wa barracks watakulipa kila mwezi bila kusukumana. Na nikuulize, mlango nimeona. Dirisha iko wapi?"

"Dirisha si lazima."

"Utachonga mbao kwa giza?"

"Stima iko," Bethwel alijibu, akaendelea kugonga kigingi. Kilimponyoka, nyundo ikatua udongoni. Jamleck alicheka akaenda zake.

Jerop alikuwa barazani kwenye cherehani yake, na yote aliyasikia. Yeye hakucheka. Alimjua mumewe kuwa mtu wa kupanga polepole. Mfereji wa maji ya mvua aliuzungumzia misimu kadhaa kabla ya kuupandisha ukingoni mwa paa. Safari hii alikuwa na haraka ya ajabu. Alitaka msingi uchimbwe kabla ya mvua, kuta zisimame kabla shule hazijafungwa. Alitaka mlango wa karakana utazamane na mlango wa jikoni, usiwe na ngazi wala kizingiti. Alikuwa amehamisha tangi la maji lililokuwa njiani na kuing'oa kamba ya kuanikia nguo bila kuuliza. Alisema kila chombo, patasi, msumeno, tupa, kitachongewa kitanda chake kwenye meza ili mkono ukikute palepale.

Jerop hakulijua jina la kile alichokiogopa. Kaka mkubwa wa Bethwel, kule Keringet, aliwahi kuamka siku moja akaanza kupanga ghala lake la viazi, akafagia, akatenganisha magunia, akamwonyesha mkewe kila kitu kilipo. Walimzika kabla msimu wa kupanda haujafika. Jerop alipomwona mumewe akipima hatua kutoka jikoni hadi kwenye vigingi, akirudi, akipima tena, moyo wake ulikuwa ukimwambia kitu kilekile. Aliwahi kumwuliza kama anaumwa. Alijibiwa: mtu mzima akipenda kitu chake, lazima awe anaumwa?

"Basi nitungie uzi," Jerop alisema, akimpa sindano. Zamani hiyo ilikuwa kazi yake Bethwel kila jioni, maana macho yake yalikuwa yakisifiwa mpaka Molo.

"Mwambie Jemutai," alisema, akapita.

Jemutai, kitinda mimba wao, alisoma katika shule ileile ambayo baba yake aliendesha basi lake, na karo yake ilipunguzwa kwa sababu hiyo. Alitunga uzi mara moja, akakata kwa meno.

"Mum, unajua watoto wanaita Baba Konokono? Siku hizi anaendesha slow mpaka mkokoteni ya punda ikatupita hapo barracks. Class yote ikapiga makofi."

Jerop alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Adero alikuja siku iliyofuata, alasiri, akiwa amefunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kanisani. Mumewe, Sitati, alikuwa mlinzi wa geti la shule mpaka wiki ile unga ulipomwagika. Basi lilikuwa likiingia na watoto ndani likagonga upande wa kushoto wa geti. Kioo cha pembeni kilivunjika, ubavu ukakwaruzwa, na mtoto mmoja wa nasari akapasuka mdomo kwa kugonga kiti cha mbele. Bethwel aliposhuka alisema upepo ulilirudisha geti kwa sababu mlinzi hakuweka kulabu. Upepo wa Gilgil unajulikana, na hakuna aliyebisha. Sitati aliambiwa akae nyumbani mpaka aitwe, naye alielewa maana yake.

Adero alikaa kwenye ncha ya kiti. Chai aliyowekewa hakuigusa.

"Mama Jemutai, sikukuja kugombana."

"Najua."

"Nilitaka kuongea na Baba Jemutai. Sitaki abadilishe story yake. Nataka tu amwambie madam wa shule hajui. Asiseme Sitati alisahau. Aseme hajui geti ilirudi aje. Hiyo tu inatosha."

Jerop alitazama mlango wa chumba cha kulala, uliokuwa umerudishwa lakini haukufungwa kabisa. Mumewe alikuwa ameingia humo aliposikia sauti ya Adero kwenye ua.

"Hayuko," alisema. "Ametoka."

Adero aliitikia kwa kichwa. Kisha macho yake yakashuka mlangoni, ambako viatu vikubwa vya Bethwel vilikuwa vimekaa na udongo mbichi wa shambani. Kila mtu mtaani aliwahi kuviona viatu vile vikikanyaga pedali. Alivitazama kwa muda, Jerop naye akavitazama.

"Basi akirudi, umwambie," Adero alisema. Aliinuka, akaviruka viatu kwa uangalifu, kama mtu anayemruka mtu aliyelala.

Bethwel alitoka chumbani baada ya geti la nje kulia. Jerop alikuwa amekusanya vikombe, kimoja kimejaa.

"Ungemwambia nitampa Sitati kibarua," alisema. "Nahitaji mtu wa kuchimba msingi."

"Umtoe kazi, kisha umpe jembe?"

"Si mimi nilimtoa. Ni madam."

"Umenifanya nidanganye mtu akiangalia viatu vyako," Jerop alisema. Alimwaga chai ya Adero kwenye sinki, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa ameuza mboga na Adero, amelia naye matanga, amemshonea sare za watoto bila haraka ya malipo. Hakujua hata anamficha mumewe kutokana na nini.

Sitati alikubali kibarua. Mtu mwenye watoto wa kulisha hachagui mkono unaomwita. Jumamosi asubuhi aliingia uani na jembe lake begani, na huyu mtu ambaye kila asubuhi getini alikuwa akipaza sauti "Kosgei, habari ya barabara," sasa alisimama mbali akasema, "Boss, naanzia wapi?"

"Ngoja kwanza tupige levo," Bethwel alijibu bila kumtazama.

Fundi wa kweli angeitwa kwa kazi hiyo, lakini Bethwel hakutaka fundi. Alisema wanaharibu pesa. Alitaka kupima mwenyewe kwa mpira wa maji, ule wa plastiki nyeupe unaoonyesha maji yaliyomo. Namna yake ni rahisi na kila anayejenga huku anaijua: mpira unajazwa maji, mtu mmoja anaushika mwisho wake kwenye kigingi cha kwanza chenye alama, mwingine anaupeleka mwisho wa pili kwenye kigingi kingine. Maji hutulia kimo kimoja pande zote mbili. Wa kwanza akiona maji yamegusa alama anaita "sawa," na wa pili anachora yalipofika kwake. Ndipo kamba inafungwa, na msingi haudanganyi.

Bethwel alishika kwenye kigingi cha kwanza. Jerop akaenda na mwisho wa pili, chaki yake ya kushonea mkononi. Mumewe aliita "sawa," Jerop akachora. Akaenda kona nyingine, "sawa," akachora. Walipofunga kamba kuzunguka vigingi vyote, hata kuku wangeona kwamba kuna jambo.

"Baba Jemutai, hii kamba inapanda mlima."

"Hewa imeingia kwa mpira."

Walitoa hewa, wakaanza upya. Kamba mara hii iliteremka. Sitati alikuwa amekaa juu ya tofali, jembe katikati ya magoti, akitazama bila kusema. Jasho lilikuwa limemtoka Bethwel kwenye ubaridi ule wa asubuhi.

"Ni maji," alisema. "Ni safi sana, hayaonekani vizuri."

Jerop aliingia jikoni akatoka na birika. Palikuwa na strungi iliyobaki ya asubuhi, chai isiyo na maziwa, nyeusi tititi. Aliimimina yote kwenye mpira, maji yakageuka rangi ya udongo.

"Haya," alisema, akijaribu kuleta mzaha kwa sababu ya Sitati. "Sasa hata kipofu ataona."

Alirudi kwenye kona yake. Uwanja ule ulikuwa mdogo. Aliweza kumwona mumewe vizuri, na mpira, na mstari mweusi wa chai ndani yake. Chai ilipanda, ikatikisika, ikatulia. Ilikuwa chini ya alama kwa kiganja kizima.

"Sawa," Bethwel aliita.

Jerop hakuchora.

"Nimesema sawa."

"Boss," Sitati alisema taratibu. "Bado iko chini."

Bethwel aliinama karibu zaidi. Aligeuza uso kando, kama kuku anavyoitazama punje kwa jicho moja, akaukaribia mpira mpaka pua ikakaribia kuugusa. Jerop alipoiona ile shingo ikigeuka, alikumbuka ameiona mara nyingi: juu ya sahani ya ugali, juu ya simu, juu ya kitabu cha nyimbo kanisani. Alikuwa akidhani ni mazoea ya uzee. Mpira ulimponyoka na chai yote ikamwagikia sukuma.

Sitati alikuwa ameshasimama. Alizunguka polepole akaenda upande wa kushoto wa Bethwel, akasimama karibu kabisa, karibu kiasi ambacho mtu yeyote angegeuka. Bethwel hakugeuka. Aliendelea kuutazama mpira mtupu.

"Kosgei," Sitati alisema.

Bethwel alishtuka, nyundo ikamtoka mkononi.

"Kulabu niliweka," Sitati aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Nimekaa nyumbani nikijiuliza. Nimejiuliza mpaka nikaanza kuamini sikuweka. Juzi nimeambia Adero pengine ni kweli nilisahau. Nimeomba Mungu msamaha ya kitu sikufanya."

Kisha akachukua jembe lake, akamwitikia Jerop kwa kichwa kama inavyopasa, akatoka. Hakuwa amechimba hata shimo moja.

Walikaa jikoni, mlango wazi, vigingi vikiwaangalia kutoka nje.

"Tangu lini?" Jerop aliuliza.

"Ya kushoto ni kitambo. Daktari wa macho huko Nakuru alisema ni presha ya macho. Hii kitu haiumi. Inakula tu polepole, kuanzia kando. Nilipoenda, hiyo moja ilikuwa imekwisha."

"Na ya kulia?"

"Nina dawa ya matone. Iko nyuma ya unga, kwa kabati. Alisema nikiweka kila siku inaweza kukaa." Alijipangusa uso. "Hakuahidi kitu. Na imeanza kuwa na ukungu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungesema niwache gari."

"Ndiyo."

"Si unaona."

Jerop alitaka kupiga kelele, na alitaka pia kumshika kichwa amlaze kifuani kwake. Alikuwa na hasira na huruma kwa wakati mmoja, na havikukaa vizuri pamoja. Alichofanya ni kusogeza kikombe kilichokuwa karibu na kiwiko cha kushoto cha mumewe, ambacho kingeanguka.

"Nilitaka nimalize term hii tu," Bethwel alisema. "Jemutai amalize mwaka, nimalize workshop, kisha niseme nimechoka, niwache kazi kama mtu. Nilitaka kuijenga nikiwa bado naona. Siku sitaona, niingie nijue kila kitu iko wapi. Mlango na mlango, straight. Mkono ukienda kwa patasi, ikuwe hapo. Nisikuwe mzee wa kukalishwa kwa jua kama maharagwe."

"Ndio maana haina dirisha."

"Dirisha ya nini?"

Kwa muda huo wote Jerop alidhani mumewe anajenga kaburi, kumbe alikuwa akilijengea giza lake nyumba, peke yake, bila kumwita mtu. Lilimuuma hilo kuliko uongo wenyewe. Lakini kulikuwa na jambo lililomtisha zaidi, nalo lilikuwa na magurudumu.

"Na Jumatatu?" aliuliza.

"Jumatatu nitaenda polepole."

"Umeenda polepole ukagonga geti iliyo wazi."

"Upande wa kushoto nimeshajua shida yake. Sasa nageuza kichwa."

"Watoto wanakuita Konokono."

Hilo hakulijua. Alikaa akilisikiliza, midomo ikichezacheza kana kwamba anataka kutabasamu. "Konokono hajaua mtu," alisema mwishowe.

Jumapili haikuwapa nafuu. Nje ya kanisa watoto wa shule, wakiwa na nguo zao za Jumapili, walimkimbilia Bethwel kama kawaida yao, "Driver! Driver!", wakining'inia kwenye mikono yake. Mmoja aliyetokea kushoto, Bethwel hakumwona mpaka alipovutwa koti. Alikuwa yule wa nasari, na uzi wa mshono bado ulikuwa mdomoni mwake. Bethwel alimshika kichwa akamwambia ni shujaa. Jerop alisimama kando na kitabu chake cha nyimbo, akitazama kichwa hiki na kichwa kile, akijua kila kimoja ni cha mama fulani ambaye kesho asubuhi atakivisha kofia na kukipandisha basi akarudi ndani kuosha vyombo kwa amani. Alisalimiwa na wawili kati ya mama hao. Mmoja alimshukuru kwa kuwa na mume mwangalifu barabarani.

Mchana kutwa alikuwa akianza sentensi na kuiacha. Bethwel naye alikuwa akikwepa chumba alichomo. Jamleck alipita uani akauliza kama single rooms zimeshinda.

Jumatatu Bethwel aliamka kama siku zote. Alivaa koti la shule, lile la buluu lenye nembo kifuani, akachukua funguo za basi kwenye msumari. Chai ilikuwa mezani. Kikombe kilikuwa kimoja.

"Jemutai yuko wapi? Tutachelewa."

"Amelala," Jerop alisema. Alikuwa amesimama jikoni, mgongo ukiwa umegeukia meza.

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Haendi."

"Haendi kwa nini?"

Jerop aligeuka. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumamosi na sasa yalitoka bila mpango wowote.

"Mimi siwezi kukushikilia, Baba Jemutai. Funguo uko nayo. Ukitaka kwenda kubeba watoto ya watu, enda. Lakini wangu simpandishi hiyo basi."

Bethwel alisimama na funguo mkononi. Nje mtu alikuwa akipita na ng'ombe, kengele ikilia. Alifungua mdomo amwambie mkewe kwamba huo ni ujinga, kwamba yeye ni dereva tangu kabla hawajaoana, kwamba Jemutai ni mtoto wake pia. Hayo yote yalikuwa kweli. Aliutazama mlango wa chumba cha mtoto, akaona moyoni jinsi alivyopata nafuu kwamba mlango ule umefungwa. Ni ile nafuu iliyomvunja. Alivuta kiti akakaa.

"Nimefurahi," alisema kwa sauti ndogo. "Umesema haendi, na mimi nimefurahi."

Jerop alimwendea, akamshika bega. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akavaa viatu vyake, akamvisha mumewe kofia, wakatoka kwa miguu. Jerop alitembea upande wake wa kushoto.

Madam Wachuka, mkurugenzi wa shule, alikuwa kwenye simu alipowaona, na kwa sauti za upande wa pili wazazi walikuwa wameshaanza kuuliza basi liko wapi. Alikuwa mwanamke wa haki lakini asiye na subira, na asubuhi ile hata kidogo hakuwa nayo. Aliwapokea palepale ofisini, mlango wazi, walimu wakipita na vikombe vyao.

"Kosgei, watoto wako barabarani na baridi. Kuna nini?"

Bethwel aliweka funguo mezani. Aliutafuta ukingo wa meza kwa vidole kwanza, na mama huyo aliliona hilo.

"Madam, Sitati hakukosa. Geti ilikuwa wazi."

"Ulisema ilirudishwa na upepo."

"Nilisema. Haikuwa ukweli. Kulabu ilikuwa imewekwa."

"Wewe uliiona ikiwa imewekwa?"

"Hapana, madam," Bethwel alisema. "Sikuona kulabu. Hata geti yenyewe sikuiona."

Mwalimu mmoja alisimama mlangoni na kikombe chake. Wachuka alimtazama Bethwel, akamtazama mkewe, kisha akatazama ukutani, ambako picha ya darasa la nasari ilikuwa imebandikwa.

"Tangu lini?" aliuliza, na Jerop alilijua swali hilo.

Yaliyofuata hayakuwa marefu. Wachuka hakumtukana, ingawa angetukana hakungekuwa na wa kumlaumu. Alisema tu kwamba kila asubuhi alikuwa akiwapa wazazi neno lake. Alisema Sitati ataitwa leo hii. Kisha, kwa kuwa mtu akiogopa sana hushika vitu vidogo, alisema, "Koti uwache. Ni la shule."

Bethwel alilivua koti mbele ya walimu. Chini yake alikuwa na shati jembamba lenye kiraka mgongoni, kiraka alichoshona Jerop. Walipotoka, alipitisha mkono wake wa kushoto ukutani mpaka ukafika kwenye nguzo ya geti. Rangi ya manjano ya basi ilikuwa bado imeganda pale, na vidole vyake viliipapasa taratibu. Kulabu ilikuwa mahali pake, kwenye pete yake. Hata mlinzi wa muda alikuwa ameiweka.

Sitati alirudi getini siku iliyofuata. Jemutai alihamia shule ya serikali, na mama yake akamshonea sare ya rangi nyingine. Alilia siku ya kwanza, siku ya pili akasahau kulia. Nyumbani mambo yalibana. Jamleck alipopata habari alikuja na mchoro wa vyumba vya kupangisha, akasema sasa hakuna ubishi tena, Kosgei anahitaji kitu cha kumlisha. Alikuwa na haki, na Jerop alimwambia hivyo. Chumba kimoja, alisema, kitajengwa upande wa barabara. Huku nyuma hapana.

Bethwel alikuwa ameving'oa vigingi na kuvirundika jikoni viwe kuni. Jerop alivitoa kimoja kimoja, akavirudisha uani. Kila asubuhi na kila jioni yeye ndiye aliyemtia mumewe matone kwenye jicho la kulia, na kila mara alimwuliza kama ukungu umeongezeka. Bethwel alijibu kwamba uko palepale. Jerop hakujua kama ni kweli, na hakulala vizuri kwa sababu ya kutojua.

Siku yake ya mapumziko, Sitati alifungua geti la uani na kuingia. Alikuwa na jembe, na begani alikuwa amebeba mpira wa maji. Bethwel alikuwa amekaa kwenye tofali.

"Kosgei, habari ya nyumbani," Sitati alisema.

Bethwel alisimama upesi mno, akayumba. "Sitati. Mimi nilitaka kuja kwako. Nilitaka kukuambia..."

"Hii kamba yenu imelegea," Sitati alisema.

Jerop alileta birika la strungi bila kuambiwa. Aliushika mwisho mmoja wa mpira, Sitati akaushika wa pili, na Bethwel akawekwa katikati na nyundo, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya kigingi ili ajue kilipo. Chai ilipanda, ikatikisika, ikatulia.

"Sawa?" Jerop aliita.

"Bado kidogo. Shusha. Hapo. Sawa."

Bethwel aligonga. Walienda kona kwa kona, na walipofunga kamba, ilinyooka.

Sitati alisimama mbele ya mlango uliokuwa bado haupo, akatazama huku na huku. "Na dirisha tunaweka wapi?"

Bethwel alifungua mdomo ajibu.

"Hapa," Jerop alisema, akasimama kwenye ukuta wa mashariki, akanyoosha mikono kuonyesha upana wake. "Kubwa. Cherehani yangu itakaa chini yake."